Vibuyu vya Mama Nilivyoosha kwa Sabuni

Jumatatu, 3 Machi

Mikebe kumi na tisa ya maziwa kabla ya saa mbili. Mitatu nimerudisha. Mmoja una maji, laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, ilizama hadi shingoni. Miwili, maziwa yaliganda tulipoyatia spiriti, yameanza kuharibika. Mwenye mmoja ni mzee wa kanisa. Akaniambia sina huruma. Nikamwambia maziwa yake ndiyo hayana huruma, yamejaa vidudu. Akinyi, tunayepima naye, akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesema tu.

Hii ndiyo kazi yangu. Kukataa maziwa yenye vidudu. Miaka sita.

Nyumbani saa kumi. Baba yuko kwa veranda, uso kwenye mashamba ya majani chai, koti mwilini na jua liko. Ugali niliomwachia mchana uko vile vile chini ya sahani. Akaomba maziwa ya Mama. Nikammiminia kikombe cha mursik, yale maziwa yaliyochachia kibuyuni, kutoka kibuyu cha mwisho. Akanywa polepole, akamaliza. Hicho tu ndicho amekula leo.

Mama ana wiki sita kaburini. Presha. Alianguka akikama. Alikuwa na vibuyu vinne, viwili vimejaa maziwa ya kulala, viwili vitupu. Kimoja waombolezaji walimaliza. Cha pili ndicho Baba anaishi nacho. Kitu kingine hataki. Ugali hataki, nyama hataki, ndizi hataki.

Kimebaki robo.


Jumanne, 4 Machi

Kikombe kimoja. Mkate amekataa. Chai aliiacha ipoe mpaka ikafanya ngozi, halafu akamwagia mbwa akidhani sioni.

Watu bado wanasema pole. Nimechoka na pole. Ukijibu asante wanabaki wamesimama, wanangoja ulie. Sina machozi. Nilitafuta siku ya mazishi, hakuna. Nikapika chai ya watu mia mbili.


Alhamisi, 6 Machi

Kimeisha. Nilikipindua, nikakigonga, likatoka tone.

Nikakiosha. Maji moto, sabuni ya unga, halafu ile dawa tunayosuuzia mikebe kazini, nilikuwa na chupa jikoni. Nikakianika kichwa chini kwa ua. Vile vitatu vingine niliviosha hivyo hivyo wiki ya baada ya mazishi, nilipokuwa nasafisha nyumba nzima mpaka kucha zikauma. Masizi yote yametoka. Ukimulika ndani unaona ganda tupu. Mama hakuwahi kuvifikisha hapo.

Viwili nilivijaza Jumapili iliyopita. Nilichemsha maziwa ya ng'ombe wetu, nikayapoza vizuri, nikapima joto. Mkaa wa senetwet, ule mti wa maua ya njano, nilipaka kidogo kwa heshima tu. Nimesomea maziwa miaka mitatu. Nimemwona Mama akifanya hii kitu tangu nizaliwe. Sioni kitu cha kunishinda hapo.

Keshokutwa nafungua. Kesho Baba atakunywa uji.


Ijumaa, 7 Machi

Hakunywa uji.


Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua.

Cha kwanza: maji juu, mabonge chini, na rangi ya waridi pembeni. Kinanuka sabuni, na chini ya sabuni kitambaa cha kuoshea vyombo kilicholala na maji. Kazini ningerudisha bila hata kupima. Cha pili kilikuwa kimeshindwa tu. Uchachu mwembamba, hauna mwili, hauna chochote.

Nikampelekea Baba cha pili. Nilijua si sawa, nikapeleka. Akanusa. Akaonja, akashikilia mdomoni muda mrefu, akainuka akaenda kutema nyuma ya choo. Akarudi akafuta mdomo.

"Hii si ya mama yako," akasema.

Hakuwa na hasira. Nilitaka awe nayo.

Nimemwaga vyote viwili kwenye ndizi.


Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Baba alisimama kuimba, suruali ikashuka, akaivuta. Ametoboa tundu jipya kwenye mshipi wake kwa msumari. Nikahesabu matundu, ni la tatu.

Mke wa pasta alinishika mikono yote miwili. Ati mzee ni majonzi yanamkausha. Ati wanaume wa umri ule wakifiwa hufuata. Ati nimlishe. Sasa namlisha na nini? Nikasema asante mama.

Nyumbani nilikula githeri ya jana, baridi, nimesimama. Sikusikia ladha. Sijasikia ladha ya kitu tangu Januari, na sijamwambia mtu kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kaka na dada zangu wanapiga simu kila Jumapili kutoka huko waliko. Mzee anaendeleaje? Anaendelea. Wanakata.


Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia mama mdogo Rael, mdogo wake Mama, yule aliolewa Chepilat. Nilimwambia mursik inanishinda na Baba hali kitu kingine. Akauliza niliosha vibuyu na nini. Nikamwambia.

Nikafikiri laini imekatika.

Halafu akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Uui, Chelangat. Na si wewe ndiye ulisoma?"

Kibuyu hakioni sabuni. Kila mtoto wa hapa anajua. Unasuuza na maji, unasugua na sosiot, ile brashi ya kijiti, unakausha, unachoma senetwet, unasugua mkaa ndani mpaka ukuta uwe mweusi. Kinachobaki kwenye ukuta ndicho kinapika maziwa yanayofuata. Mama hakujua kinaitwaje. Mimi najua. Bakteria wa asidi, wa aina nyingi, na hamira. Wanaingia kwenye vitundu vya kibuyu, wanakaa, wanangoja. Niliandika hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri.

Vibuyu vile nyanya alimpa Mama siku ya kuolewa. Wale vidudu walikuwa kwenye hiyo nyumba kabla yangu. Mama alikufa, wao wakabaki hai wiki sita wakimlisha mume wake. Halafu nikaja mimi na dawa ya mikebe. Nilimaliza wa mwisho Alhamisi jioni, nikiwa siwazi chochote. Mikono ilifanya yenyewe. Chombo kikiisha, unaosha.

Nimevitazama vyote vinne kwenye rafu. Safi kabisa.

Ningelia ingekuwa afadhali. Nilienda kukama.


Jumatano, 12 Machi

Nilikumbuka vifuniko. Vifuniko sikuviosha, vilikuwa vimewekwa kando kwa kikapu. Nilikwaruza vumbi la ndani, nikalipeleka kazini ndani ya karatasi. Kuna darubini ya zamani kwa kabati, hakuna anayeitumia. Saa ya chakula nikaweka tone.

Takataka. Nyuzi. Vijiti viwili vitatu, vimelala. Darubini haikuambii kama kitu ni hai au kimekufa. Nilikaa pale nikikodoa mpaka jicho likatoa maji. Akinyi akasimama nyuma yangu.

"Chela, unamtafuta mama yako kwa kioo?"

Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Akinyi ni mtu wa kutoka ziwani, kwao neno likija mdomoni linatoka. Baadaye akaniwekea chapati mbili juu ya daftari, zimefungwa kwa gazeti. Sikumshukuru. Nilimpelekea Baba. Alirarua kipande kidogo, akatafuna, akatafuna, akatafuna. Mwisho akakitoa akakiweka kwa kitambaa chake cha mfuko, akakunja.

Nikamuuliza kama ni chumvi. Akasema ni chumvi.


Alhamisi, 13 Machi

Vumbi la vifuniko nililiweka kwenye maziwa ya kuchemsha, chupa tano. Hakuna iliyoganda. Moja inanuka ukungu.

Mvua imeanza sawasawa. Wachumaji wa majani chai wanapita na makaratasi kichwani, wanaimba. Naona midomo ikienda.


Ijumaa, 14 Machi

Vijiko vitatu vya uji mwepesi. Ngozi ya shingo yake imelegea, shati limekuwa la mtu mwingine.

Nikamwambia kesho naenda Chepilat kwa mama mdogo. Rael ana kibuyu kutoka nyumba ile ile ya nyanya. Wale vidudu ni ndugu. Nikileta mbegu, nitaviamsha vya Mama, na ndani ya wiki moja atakunywa maziwa yake. Niliongea sana. Sijaongea hivyo tangu Januari. Yeye alinitazama tu, muda mrefu.

"Basi enda, mama," akasema. "Enda."


Jumamosi, 15 Machi

Chepilat. Siku ya soko, matope mpaka kwa kifundo cha mguu, Wakisii na ndizi zao upande mmoja, watu wetu na mbuzi upande mwingine. Nilipita katikati nisinunue kitu.

Mama mdogo Rael ana mikono ya Mama. Nilikuwa nimesahau. Kucha fupi, kidole gumba kimepinda nje. Nilitazama ile mikono ikichoma kijiti cha senetwet, ikikizima, ikisugua ndani ya kibuyu, mviringo, mviringo. Nilijua napaswa kusikia kitu. Nikangoja. Nikasikia tu kwamba mguu umekufa ganzi kwa kukaa vibaya.

Alinifanya nifanye mwenyewe mara tatu. Ya kwanza akasema napaka rangi ukuta. Ya pili akasema mama yangu angenichapa. Ya tatu hakusema, akanipa chai.

Amenipa kibuyu kizima kimejaa. Hatakubali kukipokea kitupu nikikirudisha. Ati kibuyu hakirudi kitupu, kikirudi kiwe na maziwa yangu. Nimekibeba mapajani kwenye matatu mpaka kwetu Mogogosiek, nimekifunga kwa leso. Mwanamke mmoja aliyeketi karibu akauliza kama ni mtoto, mbona hasumbui. Nikasema ndiyo.


Jumapili, 16 Machi

Sikuenda kanisani. Mara ya kwanza.

Nilisugua vibuyu vya Mama tangu asubuhi. Maji peke yake, mara saba, mpaka harufu ya dawa ikaisha. Jua kidogo lililokuwepo. Senetwet. Moshi. Senetwet tena. Mikono yangu ni myeusi mpaka viwiko. Nimechemsha maziwa, nimeyapoza, nimeweka kikombe cha maziwa ya Rael kwenye kila kibuyu, nimefunga.

Baba nikampa kikombe cha Rael hivyo hivyo. Akakoroga kwa kijiko. Akanywa mara tatu, kidogo kidogo, anapumzika katikati.

"Ni karibu," akasema. "Ni karibu sana."

Akaweka kikombe chini. Robo tatu imebaki. Sawa. Ni ya Rael hiyo. Angoje ya Mama.


Jumatatu, 17 Machi

Tone la Rael kwenye darubini. Aisee. Wamejaa. Vijiti virefu, vijiti vifupi, minyororo, na katikati hamira wanene wa duara, wengine wanachipua mtoto ubavuni. Nilimwita Akinyi. Akaangalia, akasema kumbe hawa ndio tunawafukuza kila siku. Nikamwambia hapana, wale ni wengine. Akasema kwake wote ni vidudu, tofauti ni nani amewaalika.

Nilicheka. Sauti ilitoka mbovu. Akinyi akageuka kunitazama.


Jumatano, 19 Machi

Nusu kikombe cha Rael kwa siku nzima. Hawezi kutembea mpaka kwa ng'ombe, anasimama kwenye nguzo ya kamba ya nguo, anashika.

Nimenusa vibuyu kupitia kwenye kifuniko. Vinaenda. Jamani, vinaenda.


Alhamisi, 20 Machi

Nilifungua kidogo nikafunga. Mama angenigombeza. Usichungulie, alikuwa anasema, hakuna anayependa kuchunguliwa akifanya kazi.

Siku mbili. Avumilie siku mbili.


Jumamosi, 22 Machi

 

Nilifungua saa nne asubuhi. Nilitikisa kwanza vile Mama alikuwa anatikisa. Yalitoka mazito, laini, rangi ya kijivu inayoenda kwa buluu, na yale madoa meusi ya mkaa. Nikanusa. Ilikuwa ni yeye. Sijui kusema vingine. Jikoni yake, leso yake, saa hiyo ya asubuhi. Nilikaa chini sakafuni na kibuyu.

Nikampelekea Baba kikombe kimejaa. Nilisimama mbele yake. Sikuwa na haya ya kusimama.

Akanusa, akafunga macho. Akanywa tama moja kubwa.

"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii kabisa."

Akanywa la pili. Halafu uso ukabadilika. Akaweka mkono hapa, katikati ya kifua, akasukuma na ngumi. Akainama. Yote yakarudi, mdomoni na puani, juu ya shati, juu ya viatu vyangu, vile vile yalivyoingia. Hayakuwa yamefika popote. Akakohoa mpaka nikafikiri anaondoka. Nikamshika mgongo, na mgongo ulikuwa mifupa, naweza kuhesabu.

Hapo ndipo nikaona. Si maziwa. Haikuwa maziwa hata siku moja. Ile chapati kwa kitambaa. Ile chai ya mbwa. Ile "ni chumvi". Hawezi kumeza.

Mimi napima maziwa ya watu kila asubuhi, na baba yangu alikuwa anazibika koo mbele ya macho yangu, nami nahangaika na vibuyu.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema kabla ya Krismasi.


Jumatatu, 24 Machi

Hospitali, upande wa Bomet. Tulifika saa moja, tukaonwa saa nane. Walimwingiza waya wenye kamera. Mimi nje kwenye benchi, na koti lake.

Daktari ni kijana, ana upole wa kuogopesha. Kuna uvimbe kwenye bomba la chakula. Umebakisha njia ya kupitisha kalamu, si zaidi. Wamekata kipande cha kupima. Hakusema lile neno, akasema tusubiri majibu. Lakini alikuwa ananiangalia kama mtu aliyekwisha jua.

Akauliza maswali. Anavuta? Hapana. Alikuwa anakunywa chai ya moto sana? Kila mtu hapa anakunywa chai ya moto sana. Jikoni kwenu ni kuni? Kuni. Anakunywa maziwa ya kibuyu?

Nikasema ndiyo.

Akaandika.

Nikamuuliza kama ndiyo sababu. Akasema ugonjwa huu uko mwingi kwetu na hakuna anayeweza kumwambia mtu mmoja sababu yake ni ipi. Wengine wanashuku chai ya moto, wengine moshi, wengine vitu ambavyo hamira hutengeneza maziwa yakilala. Inaweza kuwa yote. Inaweza kuwa hakuna. Akasema nisijilaumu. Sikuwa nimesema najilaumu.

Wamemlaza. Nimerudi peke yangu kukama ng'ombe. Vibuyu viko kwenye rafu, vimejaa, vizuri kabisa. Sikuvigusa.


Jumatano, 26 Machi

Nilienda kumwona baada ya kazi. Wamemtundikia maji. Sauti imepata nguvu kidogo.

Nilimuuliza moja kwa moja. Kama hawezi kumeza tangu Krismasi, ya Mama alikuwa anamezaje?

Alitazama dari. Akasema Mama alijua. Yeye ndiye aligundua wa kwanza, akaona anavyotafuna. Akawa anachuja. Kila siku anamimina mursik kwenye kitambaa cheupe, anakamua, anaongeza maji ya uvuguvugu, ndiyo iwe nyepesi. Mabonge yote yanabaki kwa kitambaa. Chai ya moto inamchoma, ikipoa ngozi yake inamkwama. Hata vile vibuyu viwili vya mwisho alivijaza maziwa yaliyokwisha chujwa. Walikuwa wamepanga kwenda hospitali Januari, shule zikifunguliwa na matatu ziwe na nafasi. Halafu Januari akaanguka.

Kitambaa. Ni kitambaa tu. Wiki tatu nimetafuta vidudu kwa darubini, nimeenda Chepilat na kurudi, nimewafufua wafu, na kilichokuwa kinahitajika ni kitambaa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilipandisha sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Baba akasema:

"Ulikuwa ukitoka kazini unakaa jikoni unaangalia ukuta. Siku ya vibuyu ukaanza kutembea. Ukaongea. Nikasema wacha amalize kwanza hii kazi."

Nikamwambia angekufa.

"Mimi ni mzee," akasema. "Wewe ulikuwa umeshakufa."

Nikachukua mkoba nikaondoka. Sikuaga.


Alhamisi, 27 Machi

Nina hasira. Naandika ili ijulikane. Nina hasira na yeye, nina hasira na Mama kwa kunificha kwenye nyumba moja, nina hasira na daktari na upole wake. Mikebe minane nimerudisha leo. Akinyi alirudia kupima mmoja nyuma yangu, akaupitisha, hakusema kitu.

Ni kitu cha kwanza nimesikia ndani yangu tangu Januari. Si kizuri. Lakini kiko.


Jumapili, 30 Machi

Nilienda. Nilimnyoa ndevu. Hatukuongea mambo yale. Aliniuliza ng'ombe, nikamwambia ng'ombe. Kaka na dada zangu wanajua sasa. Simu zimekuwa nyingi, kila mtu ana daktari wake anayemjua.

Majibu ya kipande bado. Lakini kesho watamwekea mpira wa nyavu ya waya ndani ya koo, wa kuipanua njia. Daktari akasema hauondoi ugonjwa. Unafungua mlango tu. Kwa muda gani, nikauliza. Akasema kwa muda.


Jumatatu, 31 Machi

Wameweka. Ametoka salama. Alilala mchana wote nikiwa pale, mdomo wazi.


Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya mapumziko yangu. Nilifika wodini saa tano. Muuguzi akasema leo anaruhusiwa kunywa kitu, aketi wima, polepole. Maziwa? Maziwa ni sawa. Lakini si ya nyumbani. Ya pakiti tu, yale yamechemshwa kiwandani. Hawataki vidudu karibu na kidonda.

Nilishuka kwa duka la hospitali, nikanunua pakiti. Nikapanda. Nikamwinua, nikamwekea mto mgongoni, nikakata kona kwa meno kwa sababu hakuna mkasi. Nikammiminia kwa kikombe cha plastiki. Maziwa meupe sana yale. Hayana harufu. Nimeyapima maelfu ya lita kabla hayajafika hapo, sijawahi kuyatazama yakinywewa na mtu wangu.

Akanywa tama moja. Tukangoja wote wawili. Alikuwa ananitazama, nami natazama koo lake. Likapanda, likashuka. Tukangoja tena. Hakuna kilichorudi.

"Haina kitu hii," akasema. "Ni maji ya kuoshea maziwa."

Akanywa tena. Akanywa yote. Akapindua kikombe, akagonga chini yake na kidole lile tone la mwisho litoke, akanirudishia.

"Leta ingine," akasema.

Nilienda kwa choo cha wageni, nikafunga mlango, nikalia. Muda mrefu. Mtu alibisha mara mbili akachoka akaenda. Halafu nikaosha uso, nikashuka dukani.